UZI: Je, nakisi ya asilimia 5 ndiyo mstari wa hatari? Tafiti zinavyosema kuhusu urari wa nje, thamani ya sarafu na utulivu wa uchumi

#1 Mizania (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila sarafu ya nchi fulani inapoporomoka, mjadala hurudi kwenye namba ileile: nakisi ya urari wa malipo ya kawaida ikivuka asilimia 5 ya Pato la Taifa, nchi iko hatarini. Namba hiyo inatajwa kana kwamba ilipimwa maabara. Nimekaa na tafiti za eneo hili muda mrefu na jambo hili linanisumbua kweli, kwa sababu anayeishika namba hiyo peke yake huishia kukodolea macho mahali pasipo na moto. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: ukubwa wa nakisi unaeleza machache. Kinachoeleza mengi ni nani anaiziba, kwa deni la sarafu gani, na deni hilo linaiva lini.

Tuwe pamoja kwanza kwenye maana. Urari wa malipo ya kawaida unajumlisha biashara ya bidhaa na huduma, mapato yanayovuka mipaka kama riba, gawio na faida, pamoja na uhamisho kama fedha wanazotuma jamaa walio ughaibuni. Ukiugeuza upande wa pili, urari huohuo ni akiba ya taifa ukitoa uwekezaji wa taifa. Hiyo si nadharia ya mtu, ni hesabu tu, lazima itimie. Ndiyo maana mtu akisema "nakisi imeletwa na kuagiza mno bidhaa za nje" bado hajasema kitu. Lazima aeleze kwa nini akiba imepungua au uwekezaji umepanda.

Sasa hiyo asilimia 5. Chanzo chake kinachojulikana zaidi ni kauli ya mwanauchumi Lawrence Summers, alipokuwa afisa wa Hazina ya Marekani, baada ya mgogoro wa sarafu ya Mexico wa 1994. Alisema nakisi inayozidi asilimia 5 iangaliwe kwa makini, hasa ikiwa inazibwa kwa namna inayoweza kugeuka haraka. Watu wameibeba nusu ya kwanza ya kauli hiyo na nusu ya pili wameiacha njiani, na kwangu mimi nusu ya pili ndiyo yenye uzito wote.

Baadaye Caroline Freund alichunguza nchi zilizoendelea kiviwanda na kukuta kwamba nakisi kwa kawaida zilianza kugeuka, yaani kupungua, zilipofika karibu asilimia 5, sarafu ikishuka thamani halisi (baada ya kuzingatia tofauti za bei kati ya nchi) kwa kati ya asilimia 10 na 20, na ukuaji wa uchumi ukipungua. Utafiti mzuri sana. Lakini ona sampuli yake: ni matukio ya nakisi zilizogeuka. Unajibu swali la "marekebisho yakianza huendaje", haujibu swali la "yataanza lini". Ukitaka kujua mstari wa asilimia 5 unaonya kiasi gani, lazima uhesabu pia nchi zilizouvuka zikaendelea na mambo yao.

Na zipo. Australia imeishi na nakisi tangu katikati ya miaka ya 1970, mara nyingi ikicheza kwenye asilimia 4 hadi 6, mpaka robo ya pili ya mwaka 2019 ilipoonyesha ziada kwa mara ya kwanza tangu 1975. Katika kipindi hicho sarafu yao, inayoelea (soko ndilo linaloamua thamani yake) tangu Desemba 1983, ilipanda na kushuka sana, na mfumo wa fedha haukuvunjika. Upande wa pili tazama Sri Lanka. Mwaka 2021 nakisi yake ilikuwa karibu asilimia 4 tu, chini ya ule mstari. Aprili 2022 ikasitisha kulipa madeni ya nje. Rupia iliyokuwa kwenye 200 kwa dola ikaenda zaidi ya 350, na mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 70 mwezi Septemba mwaka huo. Akiba ya fedha za kigeni ilikuwa imekauka na madeni ya dola yalikuwa yanaiva. Kipimo cha asilimia 5 kingeipitisha Sri Lanka na kuifelisha Australia.

Nawasilisha. Karibuni tujadili kwa ushahidi.

#2 Hesabu Ndefu

Mkuu Mizania, uzi mzuri, ila Australia ni nchi tajiri yenye madini, taasisi imara na sarafu ambayo dunia inakubali kuishika. Kuilinganisha na nchi ya kipato cha chini si haki. Mexico 1994 nakisi ilikuwa kama asilimia 7, Thailand 1996 kama asilimia 8, zote zikaanguka. Kwa nchi zinazoendelea naona mstari unafanya kazi.

#3 Mizania

Mkuu Hesabu Ndefu, hapo kwenye "sarafu ambayo dunia inakubali kuishika" ndipo penyewe. Umeacha kuzungumzia ukubwa wa nakisi na umeingia kwenye muundo wa deni.

Sehemu kubwa ya deni la nje la Australia iko kwa dola ya Australia yenyewe, na ile ya sarafu za kigeni imewekewa kinga dhidi ya mabadiliko ya thamani. Sarafu ikishuka, deni halivimbi. Barry Eichengreen na Ricardo Hausmann waliita hali ya nchi kushindwa kukopa nje kwa sarafu yake "dhambi ya asili", na kwa mtazamo wangu hilo ni moja ya mawazo machache katika eneo hili yaliyosimama imara tangu yatolewe.

Chukua hizo mbili ulizotaja. Mexico, katika mwaka 1994, serikali iliwahamisha wakopeshaji kutoka hati za peso kwenda kwenye hati za muda mfupi zilizofungwa na dola, zile zilizoitwa Tesobonos. Peso iliposhushwa Desemba, mzigo wa hati hizo ukapanda kwa peso papo hapo, na nyingi zilikuwa zinaiva ndani ya miezi michache. Thailand ndiyo inafundisha zaidi. Bajeti ya serikali ilikuwa na ziada kwa miaka kadhaa kabla ya mgogoro, kwa hiyo ile hadithi ya serikali kutapanya haina nafasi pale. Kampuni na taasisi za fedha binafsi zilikopa dola kwa muda mfupi zikiamini bahti itabaki kwenye 25 kwa dola. Julai 2, 1997 bahti ikaachiwa ielee. Kufikia Januari 1998 ilikuwa imepita 50. Kampuni iliyokopa dola milioni moja, yenye mapato ya bahti, deni lake likaongezeka maradufu ndani ya miezi sita bila kukopa hata senti mpya.

Kisha angalia urari. Mwaka 1998 Thailand ilikuwa na ziada ya zaidi ya asilimia 12 ya Pato la Taifa. Mtu anayesoma jedwali tu angeipongeza. Pato la Taifa mwaka huohuo lilianguka kwa zaidi ya asilimia 7. Ziada ile ilikuja kwa sababu uwekezaji ulikufa na uagizaji ukakatika. Guillermo Calvo alilieneza jina la kukatika ghafla kwa mitaji, na ziada ya namna hiyo ndiyo alama yake.

Kuhusu nchi zinazoendelea kwa ujumla, Gian Maria Milesi-Ferretti na Assaf Razin walichukua nchi 105 za kipato cha chini na cha kati wakatafuta matukio mawili, nakisi kugeuka kwa ghafla na sarafu kuporomoka. Walikuta ni matukio tofauti. Kuna sarafu zilizoanguka bila urari kugeuka sana, na kuna nakisi zilizogeuka bila sarafu kuporomoka wala ukuaji kushuka. Kwa hiyo hata ndani ya kundi ulilolitaja, mstari mmoja hautoshi.

#4 Kusi

Mimi swali langu ni moja tu. Wataalamu kila mara wanasema sarafu ikishuka thamani, bidhaa za nchi zinakuwa rahisi nje, mauzo yanaongezeka, nakisi inapungua. Je, ni kweli au ni ya vitabuni?

#5 Mizania

Ndugu Kusi, ni kweli, lakini polepole, na mara nyingi si kwa njia tunayoelezwa.

Mwaka 1967 Uingereza ilishusha pauni kutoka dola 2.80 hadi 2.40, asilimia 14 na kidogo. Urari haukupona mara moja. Mikataba ilikuwa imeshasainiwa, bei za bidhaa za nje kwa pauni zikapanda kabla kiasi kinachoagizwa hakijapungua. Ziada ilikuja kuonekana mwaka 1969. Mwendo huo wa kuharibika kwanza ndipo kutengemaa ndio unaochorwa kama herufi J.

Marekani nayo. Septemba 1985 mataifa matano yalikubaliana pale hoteli ya Plaza, New York, kuiteremsha dola, iliyokuwa imeanza kushuka tangu mapema mwaka huo. Nakisi iliendelea kupanuka hadi 1987, ikafika zaidi kidogo ya asilimia 3 ya Pato la Taifa, ndipo ikaanza kupungua. Mwaka 1991 ikaonekana ziada ndogo. Hapa nawaomba watafiti wawe macho: sehemu ya ziada ile ilikuwa michango ambayo nchi washirika ziliilipa Marekani kwa ajili ya vita vya Ghuba. Mtu akiweka mwaka 1991 kwenye mlinganyo wake bila kujua hilo, atampa sifa dola dhaifu kwa fedha iliyotokana na vita.

Jambo la pili limebadilisha uelewa wa wengi, mimi nikiwemo. Gita Gopinath na wenzake wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya biashara ya dunia inaandikiwa ankara kwa sarafu chache, dola ikiongoza, hata pale ambapo Marekani si mnunuzi wala muuzaji. Fikiria nchi mbili zinazouziana kwa dola. Sarafu ya muuzaji ikishuka, bei ya dola haibadiliki kwa haraka, kwa hiyo mnunuzi haoni unafuu wowote na hana sababu ya kuongeza oda. Muuzaji anapata faida zaidi kwa sarafu ya nyumbani, basi. Kwenye uagizaji hali ni kinyume: bei kwa sarafu ya ndani inapanda mara moja, watu wanapunguza kununua. Matokeo yake ni kwamba urari unarekebishika hasa kwa kubana uagizaji, na maumivu yanaingia kupitia mfumuko wa bei. Kwa nchi inayoagiza mafuta, mbolea na dawa, huko ni kubana vitu ambavyo havina mbadala wa karibu.

Ni kiasi gani kinachopenya kwenye bei? José Campa na Linda Goldberg walikadiria kwa nchi za OECD (umoja wa nchi ambazo nyingi ni tajiri) kwamba wastani wa asilimia 46 ya mabadiliko ya sarafu huingia kwenye bei za bidhaa zinazoagizwa ndani ya robo mwaka, na karibu asilimia 64 kwa muda mrefu. Hizo ni bei za bandarini. Bei za rejareja hupanda kwa kiasi kidogo kuliko hapo, na kwa kiasi kidogo hata zaidi pale ambapo watu wanaiamini benki kuu yao.

#6 Hesabu Ndefu

Nimekuelewa kuhusu muundo wa deni, sipingi. Lakini basi suluhisho si liko wazi? Iache sarafu ielee, nakisi itajirekebisha yenyewe kabla haijawa kubwa. Mwanauchumi Milton Friedman alishasema hivyo 1953.

#7 Takwimu Kwanza

Naomba nimjibu mkuu hapo juu kabla ya mleta mada, maana hili ndilo eneo langu.

Hoja ya Friedman ilikaa miaka mingi ikirudiwa bila kupimwa. Menzie Chinn na Shang-Jin Wei walipoipima kwa data za nchi zaidi ya 170, kuanzia 1971 hadi 2005, hawakukuta uhusiano thabiti kati ya sarafu kuelea na kasi ya urari kurudi kwenye wastani wake. Kasi hiyo haikutofautiana kwa namna thabiti kati ya nchi zenye sarafu inayoelea na zenye sarafu iliyofungwa, yaani iliyofungiwa thamani dhidi ya sarafu nyingine.

Ila matokeo hayo yana mvutano. Atish Ghosh na wenzake wa IMF walikuja na hoja kwamba kuipa nchi jina moja, "inaelea" au "imefungwa", kunaficha mambo. Nchi inaweza kuwa imefungwa kwa dola huku inaelea dhidi ya euro, ambako ndiko biashara yake iko. Walipotazama kila jozi ya nchi wanaofanya biashara, wakaona kuelea kunasaidia marekebisho. Mimi naona hoja yao ina nguvu.

Halafu kuna tatizo la msingi la kuainisha. Calvo na Carmen Reinhart walionyesha kwamba nchi nyingi zinazotangaza kuelea huwa zinaingilia soko kimyakimya kwa akiba na riba, kwa kuogopa kuelea kwenyewe. Ukitumia tangazo rasmi la serikali unapata jibu moja, ukitumia mwenendo halisi wa sarafu unapata jingine. Mtafiti asiyesema ametumia lipi, matokeo yake hayasomeki.

Na hatua ya mwisho: chaguo la mfumo wa sarafu halitokei kwa bahati nasibu. Nchi huachana na sarafu iliyofungwa mara nyingi zikiwa tayari kwenye moto. Data itaonyesha kuelea kunaambatana na marekebisho makali, wakati vyote viwili vimeletwa na mgogoro uleule.

#8 Mizania

Mkuu Takwimu Kwanza, umemaliza. Niongeze Latvia tu, maana ni mfano unaopendwa na pande zote mbili. Nakisi yao ilizidi asilimia 20 ya Pato la Taifa mwaka 2006 na 2007. Mitaji ilipokatika 2008 walikataa kushusha sarafu yao, lati, wakapunguza mishahara na matumizi ya serikali. Pato la Taifa lilianguka kwa takriban asilimia 14 mwaka 2009, na urari ukahamia kwenye ziada ndani ya mwaka huo. Januari 2014 wakaingia kwenye euro. Urari ulirekebishika bila sarafu kutikisika, na walioulipia ni watu waliopoteza kazi na waliohama nchi. Iceland, iliyokuwa na nakisi ya ukubwa unaofanana mwaka 2006, iliacha krona ipoteze karibu nusu ya thamani yake na kuweka vizuizi vya mitaji kutoka. Nayo ilirekebisha. Kwa hiyo mfumo wa sarafu uliamua zaidi nani abebe mzigo kuliko kama mzigo ungekuwepo.

#9 Kusi

Na hili la nakisi ya bajeti kuzaa nakisi ya nje? Linasemwa sana.

#10 Takwimu Kwanza

Linasemwa kwa sababu ya Marekani ya miaka ya 1980, ambapo zote mbili zilipanuka pamoja. Lakini nchi hiyohiyo, kuanzia 1998 hadi 2001 bajeti ya serikali kuu ilikuwa na ziada na nakisi ya nje ikazidi kukua, kwa sababu uwekezaji binafsi ulipaa na akiba ya kaya ikashuka. Ukirudi kwenye akiba kutoa uwekezaji unaona mara moja kwamba bajeti ni kipande kimoja tu cha akiba ya taifa. Menzie Chinn na Eswar Prasad waliochunguza nchi nyingi za viwanda na zinazoendelea walikuta bajeti ina mchango, pamoja na rasilimali za nje ambazo nchi imeshajilimbikizia. Ina mchango, haitawali.

#11 Mwanafunzi wa Uzamili

Wakubwa zangu, shikamooni. Nimefuatilia uzi wote. Naandika tasnifu kuhusu urari wa nje na kuyumba kwa sarafu kwa kutumia data za nchi nyingi. Msimamizi ananiambia niweke kiwango cha ubadilishaji kama kielelezi (kinachosababisha) na urari kama kielelezwa (kinachoathirika). Baada ya kusoma hapa nimeanza kuogopa.

#12 Mizania

Marahaba mdogo wangu. Hofu hiyo ni nzuri, usiiondoe haraka.

Sarafu na urari vinaamuliwa kwa pamoja. Bei ya bidhaa unazouza nje ikipanda duniani, urari unaboreka na sarafu inapanda thamani kwa wakati mmoja. Mlinganyo wa kawaida utakuambia sarafu yenye nguvu huboresha urari, na huo ni upotoshaji. Kwa hiyo anza na kutenganisha chanzo cha mshtuko: bei za bidhaa duniani, riba za Marekani, ukame, mabadiliko ya sera. Mwaka 2013 unakupa nafasi nzuri. Mei 22 Ben Bernanke, mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani wakati huo, aligusia kupunguza ununuzi wa hati za dhamana, na sarafu za Brazil, India, Indonesia, Afrika Kusini na Uturuki zikapigwa. Mshtuko haukutoka kwao. Eichengreen na Poonam Gupta waliuchunguza wakakuta kwamba nchi zilizoumia zaidi ni zile ambazo katika miaka iliyotangulia ziliacha thamani halisi ya sarafu ipande na nakisi ipanuke, na zile zenye masoko makubwa ya fedha ambako wawekezaji wangeweza kuuza kwa urahisi. Bajeti nzuri na deni dogo la serikali havikuzikinga kiasi ambacho wengi wangetarajia. Ona kwamba waliangalia mabadiliko ya nakisi kwa miaka kadhaa.

Usijaribu kutabiri sarafu ya mwezi ujao. Richard Meese na Kenneth Rogoff walionyesha mwaka 1983 kwamba miundo ya kiuchumi ya wakati ule haikuishinda tabiri ya "kesho itakuwa kama leo" kwa muda wa hadi mwaka mmoja, na matokeo hayo yamekuwa magumu kuyang'oa. Fanya kazi na wastani wa miaka minne au mitano, ambako misingi ya uchumi ina la kusema.

Kagua data yako kabla ya kuikadiria. Ireland mwaka 2015 ilitangaza ukuaji wa zaidi ya asilimia 25 kwa sababu kampuni za kimataifa zilihamishia mali zake pale, mpaka ofisi yao ya takwimu ikabuni kipimo kingine cha pato la taifa. Nchi ya namna hiyo ikiwa ndani ya sampuli ndogo inaweza kubeba matokeo yote. Kadiria ukiwa nayo, kisha bila nayo. Fanya vivyo hivyo kwa wauza mafuta. Pia urari za nchi zote duniani zikijumlishwa zinapaswa kuwa sifuri, kwa kuwa nakisi ya mmoja ni ziada ya mwingine, lakini kwenye data haziwi sifuri. Makosa ya kupima ni makubwa kuliko koefisienti nyingi tunazozishabikia.

#13 Takwimu Kwanza

Mdogo wangu, niongezee moja. Philip Lane na Milesi-Ferretti wana mkusanyiko wa data wa mali na madeni ya nje ya nchi nyingi tangu 1970. Na Lane, pamoja na Jay Shambaugh, waligawanya mali na madeni hayo kwa sarafu. Hapo ndipo pa kupima hoja ya mleta mada. Weka nakisi, weka sehemu ya deni iliyo kwa sarafu za kigeni, kisha weka zao la kuzidisha hizo mbili. Kama Mizania ana haki, nakisi peke yake itadhoofika na zao lile litabaki na nguvu.

#14 Mwanafunzi wa Uzamili

Ahsanteni sana. Nitaongeza na deni la muda mfupi ukilinganisha na akiba ya fedha za kigeni, kwa ajili ya hoja ya Sri Lanka na Thailand. Msimamizi nitampelekea mlinganyo wa Takwimu Kwanza kama ulivyo, na ule wake wa awali nitauacha kando yake kwenye jedwali moja ili tofauti ionekane.

#15 Mizania

Sawa kabisa. Deni la muda mfupi lipime kwa muda uliobaki hadi kuiva, usitumie muda lililokopwa nao. Deni la miaka kumi linaloiva mwezi ujao ni la muda mfupi.